Yule Anayekula Kilichobaki

Nyinyi niliowaacha pale hospitalini mmeniomba niwaandikie kitu kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi. Kitu kidogo! Miaka yenyewe nimeisimamia kwa miguu hii, na sasa magoti ndiyo yanayoikumbuka kuliko kichwa. Habari za vyeo sitaandika, maana nilivyopata havikunifundisha kitu, na mshahara tuuache ulale. Nitaandika kuhusu mita ya fundi wa kushona, kuhusu mafuta ya tumboni, na kuhusu mama mmoja wa mtaa wa Bwiza ambaye hakuwa mgonjwa wetu mpaka siku alipoletwa amebebwa. Someni polepole, kisha mrudi kazini.

Siku yangu ya kwanza nilitoka nyumbani Musaga na bluzi nyeupe niliyoipiga pasi ya makaa mpaka ikasimama yenyewe. Mkuu wa wauguzi wakati ule alikuwa Mzee Balthazar, mtu wa maneno machache na viatu vinavyolia. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi chini, akauliza, "We ni muganga ao ni bibi arusi?" Wagonjwa wote wa chumba kile wakacheka, hata yule aliyekuwa na mrija puani. Nilitamani sakafu ifunguke. Kumbe ndivyo alivyowakaribisha wote, na aliyelia hakumrudisha nyumbani, alimpa tu kazi ya kufua bandeji.

Mzee Balthazar alinifundisha mambo ambayo sijayaona kwenye kitabu. Chombo cha kusikilizia moyo kishike kwanza kiganjani kipate joto, usimrushe mzee roho kwa chuma baridi. Usianze na mashine ya tansio, ile ya kupima shinikizo la damu, anza na salamu, na wakati unasalimia angalia miguu. Mguu ukibonyezwa ukabaki na shimo, moyo umechoka, hata kama mwenyewe anakwambia amekuja kwa ajili ya kikohozi. Alikuwa anabonyeza miguu ya watu hata kwenye foleni ya benki. Watu walimwona kichaa, na baadhi yao walikuja kumshukuru baadaye.

Miaka ile adui yetu alikuwa wembamba. Tulipokea watoto wenye nywele nyekundu na mbavu za kuhesabika, na wakati wa vita tulipokea hata watu wazima wa namna hiyo. Mtu akipotea mjini kwa miezi, kisha akatokea na mashavu, tulimpigia makofi. "Yooo, umenenepa! Asifiwe Mungu!" Hiyo ilikuwa salamu, na mpaka leo ni salamu. Mwanamume aliyekonda, watu hawakumuuliza yeye, walimwangalia mke wake. Walijiuliza kimoyomoyo kama anapika, na wengine hawakuwa na haja ya kimoyomoyo, walimuuliza sokoni mbele ya watu. Muyajue hayo kabla hamjamwambia mtu yeyote hapa mjini apunguze tumbo.

Vita vikapoa, miaka ikaenda, Mzee Balthazar akastaafu, na wagonjwa wakabadilika bila kutuaga. Vitanda vilivyokuwa vya watoto wa njaa vikajaa wazee wa kifua. Watu waliovuka risasi na kipindupindu wakaanza kuanguka wakiwa wameketi mezani, karibu na mishikaki. Ndipo akaja Daktari Inès, aliyekuwa amesomea mambo ya moyo nje ya nchi. Alikuwa kijana, anatembea haraka, na ana tabia mbaya ya kula karanga wakati anaeleza mambo makubwa. Alianzisha siku ya Jumatano kuwa siku ya wazee, na mimi akaniweka mlangoni na mita ya kushonea shingoni.

Nilikasirika, nasema kweli. Miaka yote hiyo ya kazi, halafu unanipa mita ya fundi cherehani? Akanikalisha chini, akanieleza huku anamenya karanga. Mafuta ya ndani ya tumbo, alisema, yale yanayozunguka ini na utumbo, hayalali pale kama akiba. Yanafanya kazi usiku na mchana. Yanatoa homoni na kuziingiza kwenye damu, na homoni hizo zinazungumza na ubongo, na ini, na mishipa ya moyo. Moja inaitwa leptini, kazi yake ni kuuambia ubongo kwamba tumeshiba. Tumbo likikua sana leptini inakuwa nyingi mpaka ubongo hauisikii tena, na wakati huo huo tansio inapanda. Nyingine inaitwa adiponektini, hiyo inailinda mishipa, lakini kadiri mafuta ya ndani yanavyoongezeka yenyewe inapungua. Nikamuuliza, je, tutazipima? Akacheka. Mashine ya kuzipima hatukuwa nayo. Ndiyo maana akanipa mita.

Kisha akaniambia jambo la wazee, na hili muliweke kichwani kuliko mengine yote. Mtu akizeeka, nyama za mikono na mapaja zinayeyuka, na mafuta yanahama kutoka chini ya ngozi na kuingia ndani ya tumbo. Mizani haioni kitu. Kilo ni zile zile za mwaka jana, uso umekonda, mikono imekuwa myembamba, na ndani hatari inajengwa. Hata zile homoni kwa wazee zinageuka tabia. Adiponektini, ambayo kwa kijana kuwa nyingi ni habari njema, kwa mzee ambaye moyo wake umeshachoka inaweza kupanda na isiwe habari njema hata kidogo. "Kwa hiyo usimuahidi mtu kitu, Madamu," aliniambia. "Pima, angalia, uliza." Na mimi nikapima.

Kupima kiuno si mchezo, msidanganywe. Mwanzoni tulikuwa tunawalaza wazee kitandani ili iwe rahisi, na wengine walikataa katakata. Mtu aliyelala chali akanyooshewa mita, hapa kwetu anajua maana yake, ni seremala wa jeneza ama ni mtu wa sanda. Bibi mmoja alinishika mkono akaanza kunisomea majina ya watoto wake, eti niwaambie. Tukaacha kulaza, tukapima watu wamesimama, na hivyo ndivyo inavyotakiwa hata kwa vitabu. Tafuta mbavu ya mwisho, tafuta mfupa wa nyonga, pitisha mita katikati, subiri atoe pumzi. Wanaume wanavuta tumbo ndani, hasa kama kuna wanawake karibu. Mimi nilikuwa nawauliza majina ya wajukuu. Mzee akifika mjukuu wa nne tumbo limerudi lenyewe.

Mzee Ramazani alitufikia kwa maumivu ya kifua. Alikuwa fundi wa magari aliyeacha kazi, mwenyeji wa Bwiza tangu babu zake, mwenye tumbo lililotangulia kufika mahali popote kabla yake. Akipanda ngazi kifua kinabana, akikaa kinaachia. Alikuja na mke wake, Mama Zubeda, mwanamke mwembamba wa uso na mikono, amejitanda khanga na kujifunga vitenge juu ya kanzu. Yeye ndiye aliyebeba kila kitu, kadi, dawa, thermos, na viatu vya mzee nikimvua. Pale kwetu mtu wa namna hiyo tunamwita garde-malade, ndugu anayemlinda mgonjwa, kumpikia, kumfulia na kulala chini ya kitanda chake. Benchi la garde-malade lilikuwa pembeni ya ukuta. Waliokaa pale hatukuwapima.

Daktari Inès alimweleza Mzee Ramazani kwa lugha ya gereji. "Muzee, kwenye gari kuna geji ya mafuta, ndiyo?" "Iko." "Kama geji inasema tanki imejaa, na wewe unaendelea kumimina?" "Inamwagika chini, na mutu mwenye akili anasimamisha." "Basi yako inapiga kelele mpaka dereva amekuwa kiziwi." Mzee alicheka mpaka akakohoa, lakini alielewa. Tukampa dawa zake, tukamwambia atembee kila asubuhi, na chakula kipungue nusu, na mawese na vya kukaanga vipungue zaidi ya nusu. Alikubali kwa kichwa. Mama Zubeda hakukubali wala kukataa, alikunja kadi akaiweka ndani ya khanga.

Wakati wanatoka nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, njoo nawe nikupime, ni dakika moja tu." Akaniangalia kama nimemtukana. "Mi? Mi siko mugonjwa. Nimemuleta muzee." Jumatano nyingine nikarudia, akanijibu yale yale, safari hii akicheka. "Muganga, angalia hii mikono. Unataka kupima nini hapa?" Kweli mikono ilikuwa mifupa mitupu. Akaketi kwenye benchi lake.

Mzee Ramazani alituletea furaha ambayo hatukuizoea. Mwezi kwa mwezi mita ilirudi nyuma. Mkanda ulitobolewa tundu jipya, kisha jingine. Tansio ikatulia, akapanda ngazi zetu bila kusimama, na akifika juu anapiga saluti. Daktari Inès alikuwa anamsimamisha mbele ya wazee wengine kama mwalimu anayeonyesha daftari safi. "Muzee, eleza unafanyaje." Naye anaeleza, na kuongeza chumvi. "Sahani inakuja imejaa. Mi nakula kidogo, naisukuma. Bugali inanililia, mi natazama pembeni!" Wazee wanacheka. Mama Zubeda naye anacheka kwenye benchi lake, amejishika kiuno kwa nyuma.

Katika miezi hiyo aliniambia anachoka. Alisema mgongo unamuuma hapa juu, katikati ya mabega, na anasikia kichefuchefu akibeba maji. Nikamwambia aingie kwa daktari. "Ni uzee tu, muganga. Muzee kwanza." Nikamsukuma mpaka mlangoni, akageuka akaenda kutafuta taksi ya mzee. Kwa wanawake, hasa waliozeeka, moyo mara nyingi haulii kifuani. Unalia mgongoni, tumboni, kwenye uchovu. Mnaoanza kazi, mwanamke mzee akikwambia amechoka, msimwambie akapumzike kabla hamjamsikiliza moyo.

Mama Zubeda aliletwa siku ya Jumanne, amebebwa na wapangaji wenzake, jasho baridi, midomo imebadilika rangi. Mzee Ramazani alikuwa nyuma yao, anatembea kwa haraka ya mtu mwenye afya. Daktari Inès alifungua vitenge ili tuweke waya za mashine ya moyo. Chini ya zile nguo, juu ya miguu ile myembamba, kulikuwa na tumbo kubwa, gumu, la duara. Sikuhitaji mita. Mashine ikatoa karatasi, daktari akaisoma, akaanza kuagiza dawa kwa sauti ya chini, na daktari yule akishusha sauti ujue ni mbaya.

Alipopata nafuu kidogo, ameegemezwa kwenye mito na oksijeni puani, daktari alimuuliza, "Mama, nyumbani unakula nini?"

Alisogeza mrija wa oksijeni puani. Halafu akasema, "Nakula yenye muzee anaacha."

"Anaacha kiasi gani?"

"Zamani alikuwa haachi kitu. Toka mulimukataza, anaacha mingi."

"Na we unapika kidogo siku hizi?"

"Apana. Napika vile vile." Akapumua. "Daktari, pale kwetu tunapikia uwanja mumoja, wapangaji wote. Kila mutu anaona sufuria ya mwenzake. Nikishusha sufuria kidogo, kesho Bwiza nzima itasema ule muzee amekonda juu bibi yake anamunyima. Wameshaanza kusema. Basi napika sufuria yote, naweka sahani imejaa mbele yake, wageni wanaona. Anakula kidogo, anasukuma. Mi nakula jikoni."

"Yote?"

"Nitupe chakula, mi?" Hapo aliinua kichwa kutoka kwenye mto, na nikaona hasira machoni mwake kwa mara ya kwanza. "Wakati wa vita nilizika mutoto juu ya njaa. Musa wangu. Alikuwa anauliza bugali mpaka sauti ikaisha. Unataka nitupe chakula?"

Daktari Inès aliurudisha mto vizuri chini ya kichwa chake. Alimfunika vizuri, akamshika mkono. Mimi nilitoka nje nikaegemea ukuta na kulia. Na baada ya kulia nikakasirika, nikakasirikia yale makofi yote tuliyompigia mzee. Mafuta tuliyoyaondoa kwenye tumbo la mume hayakwenda popote. Yalivuka sebule yakaingia jikoni. Mama Zubeda alikuwa analinda jina la nyumba yake ili watu wasiiseme, kwa kijiko, peke yake.

Aliyemwambia mzee ni daktari, kwenye korido, na mimi nilikuwepo. Hakutafuta maneno laini. Mzee Ramazani alisikiliza ameshika kofia yake, kisha akauliza swali moja tu. "Kwa hiyo kila nilichosukuma, nilimusukumia yeye?" Daktari akasema ndiyo, lakini hukujua. "Sikuuliza," alisema mzee. "Miaka arobaini nakula kwa huyu mwanamuke, sijauliza yeye anakula nini na saa ngapi." Akaketi chini sakafuni, mtu mzima, mbele ya watu wanaopita na ndoo.

Kuanzia wiki ile tulibadilisha kazi. Mgonjwa wa Jumatano aliingia na mtu anayempikia, na mpishi alipimwa wa kwanza. Vurugu ilikuwa kubwa. Tulipima wake, mabinti, wakwe, mashemeji, na boi mmoja wa mtumishi mkubwa wa serikali aliyekuwa na tansio mbaya kuliko bosi wake. Swali halikuwa tena "unakula nini?" Tuliuliza, "Sufuria yenu ni ya watu wangapi, na kinachobaki anakula nani?" Watu walicheka swali hilo, kisha wakajibu. Kama nimestaafu na jambo moja la kuwaachia, ni swali hilo.

Mama Zubeda aliruhusiwa kurudi nyumbani na dawa na moyo uliopoteza kipande. Vita ya sufuria ikaanza. Mzee alinunua sufuria ndogo, mama akaificha. Mzee akaitafuta, mama akasema haina mfuniko. Jumapili moja nilikwenda kuwatembelea Bwiza baada ya misa, nikawakuta sebuleni wana sahani moja katikati yao, mboga ya lengalenga, samaki wadogo wa ndagala, kipande cha bugali cha watu wawili. Mlango wazi kabisa. Mzee alikuwa ameamua kwamba watakula pamoja, sahani moja, ili kisibaki cha mtu kwenda kukila jikoni. Mama Zubeda alikuwa anatafuna ameinamisha uso, kila mara anaangalia mlangoni. Mwanamke yule hakuwahi maishani mwake kutafuna mbele ya mume wake watu wakipita.

Kweli akapita mtu. Kaka mkubwa wa Mzee Ramazani aliingia, akasimama, akaiona sahani. "Ramazani, toka lini unakula na wanawake?"

"Toka siku nimejua naweza kumuzika huyu juu ya sahani yangu," alisema mzee. "Karibu kaka. Chakula ni kidogo. Ukitaka kusema huko nje kwamba Ramazani iko na sufuria kidogo, sema, na useme ni mi nimeinunua."

Yule kaka aliketi, akakataa kula, akanywa maji. Mama Zubeda alijifuta macho na ncha ya khanga akisingizia moshi, na jikoni hakukuwa na moto. Alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia polepole, "Muganga, unajua, ni mara ya kwanza nakula chakula yangu ikiwa bado moto."

Nilitaka sana apone. Niseme wazi, wagonjwa wote ni sawa, lakini huyu nilimtaka. Alianza kuja Jumatano kama mgonjwa, akaketi upande wa wagonjwa, na mita ikaanza kurudi nyuma kidogo kidogo. Alijifunza kutoa pumzi bila kuambiwa. Sufuria kubwa ilioshwa, ikapakwa majivu, ikawekwa juu ya kabati. Wapangaji walisema wakachoka, wakatafuta mtu mwingine wa kusema.

Asubuhi moja aliketi kwenye mswala baada ya sala ya alfajiri, akawa hainuki. Mzee alidhani bado anasoma uradi. Alipomgusa bega alikuwa ameshaondoka. Inna lillahi. Nilimuuliza Daktari Inès kama ni kitu tulichokosa, dawa, kipimo, chochote, na alinijibu kwa uaminifu. Siku ile ya Jumanne moyo ulikuwa umeshaumia, alisema, na kilichoumia pale hakikurudi. Tulimpa muda, hatukuweza kumpa moyo mwingine. Kwa mwenye umri ule, nani anajua ni sahani ipi iliyofanya kazi hiyo. Nilikwenda kwenye mazishi, nikasimama na wanawake, na sikusema kitu cha hospitali.

Msiba wa Kiislamu Bwiza ni wa watu wengi. Sufuria kubwa ilishushwa kutoka kabatini ili kulisha waliokuja kuhani, na ilikuwa sawa ishushwe. Zubeda, binti yao mkubwa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyeachwa na mume, alirudi nyumbani kumtunza baba yake. Arobaini ikapita. Jumatano iliyofuata Mzee Ramazani alikuja, Zubeda akiwa nyuma yake na kadi, thermos na koti la mzee. Mtu alikuwa akitoka nje, Zubeda akachukua nafasi yake kwenye lile benchi la ukutani, maana wagonjwa walikuwa wengi siku ile na hakuna aliyemwita apimwe kwanza, kama tulivyokuwa tumepanga.

Nilimpima mzee. Kiuno kilikuwa kizuri, kizuri kuliko siku zote. Sikumpongeza. Nilimuuliza swali letu, kwa sauti ya chini.

"Muzee, sufuria ni gani siku hizi?"

"Ile kubwa," alisema. "Wageni bado wanakuja kutupa pole. Zubeda anasema sufuria kidogo kwenye nyumba ya matanga ni haya, watu watasema mama amekufa na nyumba imekufa. Anajaza sahani, ananiwekea." Nilimwona anaisikia sentensi yake mwenyewe. "Nakula kidogo. Naisukuma."

Hatukuangaliana. Sote wawili tuligeuka kuangalia benchi. Zubeda alikuwa anajipepea na ile kadi, mikono myembamba, kitenge juu ya kitenge.

"Zubeda," nilisema, "simama, mama. Njoo hapa."

"Mi?" Alicheka. "Muganga, niko na kazi nyumbani. Pima muzee, twende."

Mzee Ramazani aliinuka kwenye kiti cha mgonjwa. Alimwendea, akamnyang'anya kadi, thermos na koti, akavipakata vyote yeye mwenyewe. Kisha akaketi kwenye benchi la garde-malade, mahali pale pale binti alipotoka, mgongo umenyooka.

"Leo muzee hapimwi," alisema. "Leo mi ndiye nimemuleta yeye."

Zubeda alitaka kucheka tena, lakini alimwona baba yake hacheki, akafungua kitenge cha juu, kisha cha chini. Nilipitisha mita katikati ya mbavu na nyonga, nikasubiri atoe pumzi. Kiuno cha binti kilikuwa kimeshakipita cha baba. Nikaweka sikio kwenye moyo wake, nikasikiliza muda mrefu kuliko inavyohitajika. Ulikuwa unapiga vizuri, safi, wenye nguvu, haujaumia bado. Nikamgeukia mzee nikamwambia hivyo hivyo, na yeye akafunika uso kwa lile koti, akalia kwa sauti mbele ya wazee wote wa Jumatano.